Viwango vinavyotunza rekodi za mwanafunzi wa mtandaoni

WAUGUZI, walimu, marubani na watumishi wa benki wana jambo moja linalowaunganisha siku hizi. Wote hutakiwa kuthibitisha kwamba wamepata mafunzo, na sehemu kubwa ya mafunzo hayo hutolewa kupitia mtandao.

Uthibitisho huo haumo tena katika daftari la mahudhurio wala katika kumbukumbu ya mkufunzi. Umo ndani ya seva, katika mistari michache ya data inayoeleza ni nani aliyesoma, alisoma nini, kwa muda gani na alipata alama ngapi.

Mistari hiyo ikipotea au ikiandikwa vibaya, muuguzi aliyekesha akisoma atahesabiwa kuwa hakusoma, na huenda akatatizika siku ya kuhuisha leseni yake. Ikivuja, siri zake zitaangukia mikononi mwa asiyestahili. Ikifungiwa katika mfumo wa kampuni moja, chuo kitakachotaka kuhamia kwingine kitalazimika kuanza upya.

Hiyo ndiyo sababu ya kuwepo kwa viwango vya kiufundi vinavyoeleza jinsi data za mwanafunzi zinavyoandikwa na kusafirishwa. Makala haya yanaangazia viwango hivyo vilikotoka, namna vinavyofanya kazi, na mahali vinapopwaya, hasa kwa nchi kama Kenya ambako umeme na mtandao hukatika bila taarifa.

Somo na mfumo

Yafaa kwanza kutenganisha vitu viwili ambavyo mwanafunzi huviona kama kimoja. Cha kwanza ni somo lenyewe, yaani kurasa, video, mazoezi na mtihani. Cha pili ni mfumo wa kusimamia mafunzo, ambao humsajili mwanafunzi, humfungulia somo na kuhifadhi matokeo yake. Vyuo vikuu vingi nchini hutumia mfumo wa Moodle, programu huria iliyobuniwa Australia na Martin Dougiamas, ambayo toleo lake la 1.0 lilitolewa mwaka wa 2002.

Mara nyingi somo hutungwa na shirika moja na mfumo ukamilikiwa na jingine. Pasipo lugha ya pamoja kati ya viwili hivyo, somo haliwezi kuuarifu mfumo kwamba mwanafunzi amefaulu. Ni kama mwalimu anayesahihisha mitihani kwa lugha asiyoielewa mwalimu mkuu: alama zipo, ila haziingii katika sajili.

Kenya si ngeni katika shughuli hizi. Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, kilichoanzishwa mwaka wa 1997 kama mradi wa Benki ya Dunia jijini Washington, kilihamishia makao yake Nairobi mwaka wa 2002. Mnamo 2005, shirika la AMREF lilishirikiana na Baraza la Wauguzi la Kenya, Wizara ya Afya na kampuni ya Accenture kuanzisha mpango wa kutumia tarakilishi kuwapandisha maelfu ya wauguzi kutoka ngazi ya cheti hadi stashahada bila kuacha kazi zao.

Wakati huo nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilikuwa hazijafika Mombasa. Zilifika mwaka wa 2009. Kabla ya hapo, mtandao wa nchi nzima ulitegemea setilaiti, na bei yake ilikuwa ya kutisha. Jambo hili msomaji alikumbuke, kwa kuwa viwango vilivyokuwa vikiandikwa Marekani miaka hiyo vilichukulia kwamba mwanafunzi ana mtandao usiokatika kuanzia mwanzo wa somo hadi tamati.

Chimbuko ni ndege

Waliotangulia kuliona tatizo hili si walimu bali ni watu wa ndege. Katika miaka ya 1980, marubani na mafundi walianza kufunzwa kwa tarakilishi, na kila mtengenezaji wa ndege akaja na mitambo yake. Shirika lililonunua ndege za Airbus na za Boeing, kama ilivyokuwa Kenya Airways enzi hizo, lilikuwa na kila sababu ya kutaka vifaa vya mafunzo vinavyoafikiana.

Mwaka wa 1988, watengenezaji hao waliunda kamati ya sekta ya ndege kuhusu mafunzo ya tarakilishi, iliyofahamika kwa herufi zake za Kiingereza AICC. Mwaka wa 1993 kamati hiyo ilitoa mwongozo wa jinsi somo na mfumo vitakavyobadilishana rekodi. Hapo awali zilikuwa faili za kawaida katika diski. Mnamo 1998 ukaongezwa utaratibu wa kuzipitisha kupitia wavuti.

Haikuwa bahati mbaya kwamba sekta hii ndiyo iliyotangulia. Katika usafiri wa ndege, rubani asiye na rekodi ya mafunzo haruhusiwi kurusha ndege, hata kama ujuzi wake haupingwi na yeyote. Rekodi ina uzito sawa na ujuzi wenyewe. AICC ilivunjwa mwishoni mwa 2014, lakini zipo taasisi ambazo mifumo yake ingali inaelewa lugha hiyo kongwe.

SCORM yashika hatamu

Kiwango kilichoenea zaidi duniani ni SCORM. Kilizaliwa katika Idara ya Ulinzi ya Marekani, ambayo ilianzisha mpango wa Advanced Distributed Learning, kwa ufupi ADL, mwaka wa 1997. Jeshi hilo lilikuwa likilipia somo lile lile mara kadhaa kwa sababu kila kikosi kilikuwa na mfumo wake. Januari 1999 Rais Bill Clinton alitia saini amri iliyotaka teknolojia itumike kupanua mafunzo ya watumishi wa serikali, na Januari 2000 toleo la kwanza la SCORM likatolewa.

Toleo la 1.2, la Oktoba 2001, ndilo lililopokewa na wengi. Ni ajabu ya teknolojia hii kwamba zaidi ya miongo miwili baadaye, huku simu za mkono zikiwa zimebadilika mara nyingi, toleo hilo bado linatumika katika vyuo, benki na mashirika mengi.

Somo la SCORM hufungwa katika faili moja ya zip. Ndani yake mna kurasa za wavuti, picha, sauti, na faili maalumu iitwayo imsmanifest.xml. Faili hiyo ni mithili ya hati ya shehena inayoandamana na kontena hadi Kilindini: hueleza kilichomo, mpangilio wake na kipi kifunguliwe kwanza. Mfumo wowote unaoelewa SCORM waweza kuipokea shehena hiyo bila kuuliza imetoka kwa nani.

Mwanafunzi anapofungua somo, somo hilo huanza kutafuta, dirisha kwa dirisha ndani ya kivinjari, kiungo kidogo kilichowekwa na mfumo. Likikipata, mazungumzo huanza. Kiungo hicho kina amri nane pekee katika toleo la 1.2: kuanzisha mazungumzo, kuyafunga, kuuliza thamani, kuandika thamani, kuhifadhi, na tatu zilizosalia ni za kuulizia makosa.

Kupitia amri hizo somo huandika alama, muda, mahali mwanafunzi alipoishia, na hali yake. Hali yenyewe huwa moja kati ya sita: amefaulu, amekamilisha, ameanguka, hajakamilisha, amepitia tu, au hajaanza.

Hapo ndipo doa la kwanza lilipo. Kukamilisha na kufaulu ni mambo mawili tofauti, ila toleo la 1.2 liliyaweka katika chungu kimoja. Mwanafunzi aliyesoma kurasa zote kisha akaanguka mtihani ataandikwa "ameanguka", na mfumo hautajua kama alisoma hadi mwisho. Anayefaulu mtihani bila kufungua kurasa ataandikwa "amefaulu", na hakuna atakayejua kwamba hakusoma.

Doa la pili linawahusu Wakenya zaidi. Rekodi haiingii katika seva hadi somo litoe amri ya kuhifadhi au kufunga. Watunzi wengi wa masomo huiweka amri hiyo mwishoni. Umeme ukipotea katika ukurasa wa 38 kati ya 40, au mwanafunzi akifunga dirisha kwa haraka kabla ya kubofya kitufe cha kutoka, kazi ya saa mbili yaweza kutoweka. Msimamizi akichungulia mfumo ataona "hajakamilisha", na mara nyingi lawama humwendea mwanafunzi ilhali kosa ni la mtunzi wa somo. Kiwango kinaruhusu kuhifadhi baada ya kila ukurasa. Ni uzembe tu kutofanya hivyo.

Doa la tatu ni nafasi. Somo hupewa mahali pa kuweka kumbukumbu zake ili mwanafunzi aendelee alipokomea, na katika toleo la 1.2 nafasi hiyo ni herufi 4,096 tu. Somo refu lenye maswali mengi huijaza upesi, na likishafurika, mwanafunzi hurejeshwa mwanzo kila afunguapo. Matoleo ya baadaye yaliongeza nafasi hiyo hadi herufi 64,000.

Kuhusu muda, msomaji awe mwangalifu zaidi. Wengi hudhani mfumo ndio unaohesabu saa alizosoma mwanafunzi. Katika SCORM, saa hizo huripotiwa na somo lenyewe. Kazi ya mfumo ni kujumlisha. Mwanafunzi aliyeliacha somo wazi akaenda kula chakula cha mchana huweza kuandikiwa saa nzima ya masomo. Taasisi inayotoa alama za mafunzo endelevu kwa kuhesabu saa pekee, bila mtihani wala zoezi, inajenga juu ya mchanga.

Usalama nao ni dhaifu. Kwa kuwa mazungumzo yote hupitia kivinjari cha mwanafunzi, anayejua kidogo lugha ya JavaScript anaweza kuandika mwenyewe kwamba amefaulu kwa alama 100. Hili limejulikana kwa miaka mingi, na halina tiba ndani ya kiwango chenyewe. Kwa mafunzo ya kuwakaribisha wafanyakazi wapya pengine si neno. Kwa mtihani wa kuhitimu ni hatari, na haufai kamwe kutegemea SCORM peke yake.

SCORM 2004, ambayo ilifanyiwa marekebisho hadi toleo la nne mwaka wa 2009, ilitenganisha kukamilisha na kufaulu. Iliongeza pia sheria za kupanga mfuatano wa masomo, kwa mfano kumzuia mwanafunzi kufungua sura ya pili kabla ya kufaulu ya kwanza. Sheria hizo zilikuwa tata mno, na watengenezaji wengi wa mifumo walizikwepa. Moodle, kwa mfano, ilibaki na toleo la 1.2. Chuo kinachonunua masomo ya SCORM 2004 kwa kudhani kwamba jipya hushinda la zamani huenda kikayapakia katika Moodle yake kisha kikashangaa mbona hayaendi sawa.

Kutoka somo hadi tendo

Kufikia 2010, ilikuwa wazi kwamba watu hawajifunzi katika kivinjari pekee. Wanajifunza kwa simu, kwa mashine za kuigiza hali halisi, kazini, na hata kwa kumtazama mwenzao akifanya. SCORM haikuwa na njia ya kuandika lolote kati ya hayo.

ADL iliipa kampuni ya Rustici Software ya Marekani kazi ya kutafiti kiwango kipya, katika mradi uliopewa jina la Tin Can. Matokeo yake ni xAPI, ambayo toleo lake la 1.0 lilitolewa Aprili 2013. Mwaka wa 2023, toleo la 2.0 lilipitishwa na taasisi ya wahandisi ya IEEE kuwa kiwango rasmi, nambari 9274.1.1.

Wazo lake ni jepesi, na anayejua sarufi atalifurahia. Kila tukio la kujifunza huandikwa kama sentensi yenye mtenda, kitenzi na mtendwa. Mathalan: muuguzi fulani, amekamilisha, zoezi la kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Sentensi hiyo yaweza kubeba matokeo, kama vile alama na muda, pamoja na muktadha, kama vile mkufunzi alikuwa nani na somo lilikuwa sehemu ya kozi gani. Huandikwa kwa muundo wa JSON na kutumwa kwenye ghala la rekodi za mafunzo, ambalo laweza kuwa ndani ya mfumo au kusimama peke yake.

Faida yake kubwa kwetu ni kwamba sentensi haihitaji kutumwa papo hapo. Programu katika simu yaweza kuziweka sentensi zote wakati mhudumu wa afya yuko mahali pasipo na mtandao, kisha izitume atakapofika mjini. Kila sentensi huwa na nyakati mbili: wakati tendo lilipofanyika na wakati ghala lilipoipokea. Mkaguzi akiona tofauti ya siku tatu kati ya nyakati hizo, asikimbilie kushuku udanganyifu. Huenda ni barabara tu iliyokatwa na mafuriko.

Vitenzi vyenyewe havitambuliwi kwa neno bali kwa anwani mfano wa anwani ya tovuti. Hivyo basi "amekamilisha" ya Nairobi na ile ya Paris huwa na maana moja hata kama maneno yanayoonekana kwenye skrini ni ya lugha tofauti. Maelezo ya kitenzi huweza kuandikwa katika lugha nyingi ndani ya sentensi hiyo hiyo, Kiswahili kikiwemo, fursa ambayo watunzi wa masomo nchini wangefaa kuitumia.

Uhuru huo hata hivyo umezua vurugu. Kwa kuwa kila mtu anaruhusiwa kubuni kitenzi chake, kampuni moja huandika "amemaliza", nyingine "amehitimisha", ya tatu "amefika mwisho", kila moja kwa anwani yake. Ghala likishajaa sentensi milioni moja za namna hiyo, huwezi kuuliza swali rahisi kama vile ni wangapi waliokamilisha kozi. Kumetungwa baadaye utaratibu wa kuorodhesha vitenzi vinavyokubaliwa katika fani fulani, lakini utaratibu huo hausaidii kitu ikiwa mtunzi hakuusoma.

Ndoa ya viwango viwili

Kiwango cha cmi5 kilikuja kutuliza vurugu hiyo. Kilianzishwa na watu wale wale wa AICC mwaka wa 2010, kikakabidhiwa ADL baada ya kamati hiyo kuelekea kuvunjwa, na toleo lake kamili likatolewa Juni 2016.

Kwa maneno machache, cmi5 hutumia sentensi za xAPI lakini huweka masharti ambayo xAPI haikuweka. Kimeteua vitenzi tisa, vikiwemo kuanzishwa, kukamilisha, kufaulu, kuanguka na kuachwa njiani. Kila kimoja kina kanuni ya lini kitumwe na nani akitume. Mfumo unapofungua somo, hulipa anwani ya kuchukulia kibali ambacho hutolewa mara moja tu, ili mwingine asiweze kujifanya somo hilo. Kozi nayo hutangaza mapema kigezo cha kusonga mbele: je, ni kukamilisha, kufaulu, au vyote viwili?

Fauka ya hayo, somo la cmi5 si lazima lihifadhiwe katika seva ile ile ya mfumo, jambo ambalo kwa SCORM ni gumu kwa sababu vivinjari huzuia kurasa za anwani tofauti kuzungumza ovyo. Mchapishaji wa Nairobi aweza kuliweka somo lake mahali pamoja, akalirekebisha mara moja, na vyuo vyote vilivyolinunua vikapata marekebisho hayo.

Lakini uenezi wake ni wa mwendo wa kobe. Aliyekwisha kununua masomo mia mbili ya SCORM haoni haraka ya kuyatupa, na si rahisi kumlaumu.

Vipo pia viwango vya muungano uliojulikana kama IMS Global, ambao tangu 2022 huitwa 1EdTech. Caliper, kilichotolewa mwaka wa 2015, hufanya kazi inayofanana na ya xAPI lakini kwa msamiati uliofungwa, na hupatikana zaidi katika vyuo vikuu vya Marekani. LTI huunganisha mfumo na zana za nje, kama vile maktaba au ukumbi wa mikutano ya video, na kurudisha alama kwenye daftari la mfumo. Anayeshughulika na mafunzo ya kazini hatavihitaji sana.

Sheria ya Kenya inasemaje?

Waliounda SCORM walijishughulisha na alama na hali ya mwanafunzi. xAPI inaweza kuandika kila mbofyo, kila video iliyosimamishwa, kila jibu lililofutwa na kuandikwa tena. Ni hatua kubwa kutoka sajili ya mwalimu hadi upelelezi, na mstari kati ya mawili hayo hauwekwi na teknolojia.

Nchini, mstari huo umechorwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, iliyoanza kutekelezwa Novemba mwaka huo. Rekodi ya mwanafunzi anayetambulika ni data ya kibinafsi kwa mujibu wa sheria hiyo. Sharti ikusanywe kwa lengo mahsusi lililoelezwa wazi, isizidi inayohitajika kwa lengo hilo, na isiwekwe kwa muda kupita kiasi. Ikiwa mwanafunzi ni mtoto, idhini ya mzazi au mlezi inahitajika. Data ikivuja na kuhatarisha wahusika, Kamishna wa Data hupaswa kuarifiwa katika muda wa saa 72.

Kanuni zilizoanza kutumika Julai 2022 zimewataka wanaoendesha taasisi za elimu kujisajili kwa kamishna hata kama ni wadogo. Si vitisho vya karatasini. Septemba 2023, shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Picha zile zilionekana na kila mtu. Rekodi za mafunzo hazionekani, na pengine ndiyo maana hazijazua kelele nyingi.

Kuna mahali ambapo sheria na kiwango hugongana waziwazi. Sheria humpa mtu haki ya kudai data zisizo sahihi zirekebishwe, na zile zisizostahili kuhifadhiwa zifutwe. Katika xAPI, sentensi ikishaingia ghalani haibadilishwi wala haifutwi. Kinachowezekana ni kutuma sentensi nyingine inayoibatilisha, huku ile ya awali ikisalia pale pale, mfano wa kosa lililopigwa mstari katika leja badala ya kuchanwa.

Kwa mkaguzi wa hesabu huo ni utaratibu mzuri. Kwa mwanafunzi anayetaka jina lake liondolewe, hautoshi. Ni dhahiri kwamba ghala linalotumika nchini lapaswa kuwa na njia ya kufuta ndani ya hifadhidata yenyewe, nje ya kiwango, na mkataba wa mwenye ghala uitaje njia hiyo.

Dawa iliyo bora ni kutoandika jina tangu mwanzo. xAPI hukubali mtenda atambulishwe kwa baruapepe, kwa baruapepe iliyofumbwa, au kwa akaunti. Baruapepe iliyofumbwa huonekana salama, ila aliye na orodha ya baruapepe za wafanyakazi aweza kuzifumba zote kwa njia hiyo hiyo na kulinganisha. Akaunti yenye nambari isiyo na maana nje ya chuo ni salama zaidi, na cmi5 hulazimisha matumizi ya akaunti. Orodha inayounganisha nambari na majina hubaki chuoni, na ikiharibiwa, sentensi zilizoko ghalani hubaki takwimu zisizomtaja mtu kwa jina.

Sheria hiyo pia humpa mhusika haki ya kupewa data zake katika muundo unaosomeka na tarakilishi, au zihamishwe kwa mwingine. Kwa haki hii viwango vina manufaa makubwa. Muuguzi anayehama kutoka hospitali ya kaunti moja hadi nyingine angeweza kuondoka na sentensi zake za xAPI badala ya bahasha ya vyeti vilivyopigwa mihuri. Kitakachomzuia hakitakuwa kiwango. Kitakuwa mfumo wa mwajiri wake usio na kitufe cha kutoa rekodi.

Kabla ya kutia saini

Wanaonunua mifumo hii serikalini na vyuoni huonyeshwa kijitabu chenye maneno "inaafikiana na SCORM na xAPI". Maneno hayo peke yake hayasemi mengi. Ni SCORM ipi, 1.2 au 2004, na ikiwa ni 2004, ni toleo lipi kati ya manne? Mfumo unapokea sentensi za xAPI kutoka nje, au unatoa zake tu? Ghala liko wapi, Kenya au ng'ambo, maadamu sheria imeweka masharti ya kusafirisha data nje ya nchi? Na mkataba ukiisha, rekodi zitatolewa kwa muundo gani, na kwa malipo ya nani?

Swali la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo lenye gharama. Somo la SCORM huhama kwa urahisi kwa kuwa limo katika faili ya zip. Rekodi za waliolisoma hazihami hivyo, kwa sababu SCORM haikueleza jinsi mfumo unavyopaswa kuzihifadhi baada ya kuzipokea. Kila kampuni huziweka ijuavyo. Chuo chenye rekodi za miaka kumi katika mfumo wa zamani hulazimika kuzitoa kama jedwali, kuzisafisha kwa mkono na kuzigeuza.

ADL hutoa zana ya kupima iwapo ghala linafuata kanuni za xAPI, na yeyote aweza kuitumia. Kwa upande wa somo, kipimo hakihitaji hata zana. Lipakie katika mfumo, lifungue kwa simu ya kawaida inayotumia bando, fika katikati, kisha zima simu ghafla bila kubofya popote. Iwashe, ingia tena, na utazame kama somo limekumbuka ulipoishia na kama muda uliotumia umeandikwa. Rudia kwa kivinjari cha tarakilishi, ukiuchomoa waya wa mtandao mara tu baada ya kujibu swali la mwisho. Muuzaji awepo chumbani wakati wa jaribio hilo, na malipo yasubiri hadi rekodi itakapoonekana katika ukurasa wa msimamizi.